Kionjo na Bidhaa: Juu ya Kuzipima Filamu za Kutisha na za Fumbo Kabla ya Kuzitazama

Katika zama hizi za simu za mkononi, kijana wa Manzese au wa Kirumba anaweza kuona vionjo vya makumi ya filamu kwa mwezi mmoja bila ya kuitazama filamu yenyewe hata moja. Kionjo, au trela kama vijana wenyewe wanavyokiita, ni kipande cha dakika mbili hivi kinachotengenezwa na wenye filamu ili kumvuta mtazamaji aje alipe. Hakuna filamu zinazotegemea kionjo kama filamu za kutisha na zile za fumbo na upelelezi, na kwa sababu hiyo hakuna mahali pazuri zaidi pa kuchunguza jinsi biashara ya sinema ya kibepari inavyofanya kazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kionjo kinavyopaswa kusomwa na mtu mwenye dhamana ya kuwaongoza wenzake, awe katibu wa tawi la vijana, awe mwalimu anayesimamia klabu ya filamu shuleni, au mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuchagua picha ya kuonyesha Jumamosi usiku bwenini.

Yapo makosa mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni la kijana anayeona kionjo, akasisimka, akatoa fedha. Kosa hili linajulikana na limekwisha kuhubiriwa vya kutosha. La pili ni la baadhi ya makada wetu, na ndilo linalotuhusu zaidi hapa, kwa maana wenyewe hujiona wameliepuka la kwanza. Kada huyu huona kionjo chenye damu, mlango unaojifungua wenyewe na msichana anayepiga mayowe, kisha papo hapo hutoa hukumu kwamba hiyo ni kasumba na haifai kwa wananchi. Tukichunguza tutaona kwamba wote wawili wameamini jambo lile lile, yaani kwamba kionjo ndicho filamu. Mmoja ameikubali bei ya mfanyabiashara na mwingine ameikataa, lakini wote wameisoma bidhaa kwa kibandiko alichokibandika muuzaji. Na muuzaji hana shida na kada anayekemea. Kelele za kukemea zimekwisha kumuuzia filamu nyingi.

Hapana budi basi tuanze na swali la msingi: kionjo ni kitu gani? Mwaka 1913 mtangazaji wa kumbi za Marcus Loew mjini New York, Nils Granlund, alitengeneza kipande kifupi cha filamu ili kutangaza mchezo wa jukwaani ulioitwa The Pleasure Seekers. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kionjo cha kwanza. Hapo mwanzo vipande hivyo vilioneshwa baada ya picha kwisha, na ndiyo maana vikaitwa trela, kama vile tela linalofuata nyuma ya gari. Baadaye wenye kumbi waligundua kwamba watu huondoka picha inapokwisha, wakavihamishia mbele, lakini jina likabaki. Kufikia miaka ya 1940 kazi ya kutengeneza na kusambaza vionjo na mabango ya sinema katika Marekani ilikuwa imehodhiwa, kwa sehemu kubwa sana, na kampuni moja, National Screen Service. Kwa maneno mengine, hata tangazo la bidhaa lilikwisha kuwa bidhaa yenye ukiritimba wake.

Mabepari wenyewe wamelazimika kulikiri jambo hili mbele ya mahakama. Watazamaji wawili wa Marekani waliishtaki kampuni ya Universal kwa sababu walikodi filamu ya Yesterday ya mwaka 2019, kila mmoja kwa dola 3.99, baada ya kumwona mwigizaji Ana de Armas katika kionjo, wakakuta sehemu yake yote imekatwa na hayumo. Kampuni ilijitetea kwamba kionjo ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kusema. Desemba 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliukataa utetezi huo, akasema kionjo ni tangazo la biashara. Kesi yenyewe baadaye ilitupwa kwa sababu nyingine, lakini kauli hiyo ni ya kuwekwa akilini: kisheria, tunapotazama kionjo tunatazama maneno ya muuza duka.

Lakini kuna jambo linalokifanya kionjo cha filamu ya kutisha au ya fumbo kuwa cha pekee. Muuza machungwa wa Kariakoo anaweza kumkatia mteja kipande akaonja, na chungwa linalobaki halipungui utamu. Muuza fumbo hawezi. Akikupa jibu upate kuonja, hakuna tena cha kuuza. Na akikupa tisho lenyewe, utaingia ukumbini ukiwa umekwisha kulizoea. Hivyo anakabiliwa na mgongano: lazima akuonyeshe kwamba watu wanaogopa, na papo hapo akufiche wanachokiogopa. Lazima aahidi bila kutoa. Mgongano huu ndio ulioizaa sanaa yote ya vionjo vya kutisha, na ndio unaotupa sisi ufunguo wa kuvisoma. Tukijua kwamba kuna kitu kinafichwa, swali letu halitakuwa tena "je, kinatisha?" bali "ni kitu gani kimefichwa, na kwa faida ya nani?"

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote, kionjo cha Psycho cha mwaka 1960. Kina zaidi ya dakika sita, na ndani yake hakuna karibu kipande chochote cha filamu yenyewe. Mwongozaji, Alfred Hitchcock, anatembea kama dalali wa nyumba akituonyesha hoteli ndogo ya barabarani na jumba lililo nyuma yake. Anatuambia kwamba hapa pametokea mauaji. Anasimama kwenye ngazi, anaanza kueleza mtu alivyoanguka, anakatiza kana kwamba ameona haya. Anaingia bafuni, anafunua kifuniko cha choo na kusema kwamba kidokezo muhimu kilipatikana humo, ila hasemi ni kidokezo gani. Mwishowe anavuta pazia la bafu, na mwanamke anapiga ukelele. Mwanamke huyo, kwa taarifa ya msomaji, si Janet Leigh anayeuawa katika filamu. Ni Vera Miles, mwigizaji mwingine kabisa, aliyevishwa nywele za bandia. Udanganyifu huo uko wazi kabisa, nasi hatuna budi kukiri kwamba ni kazi ya ustadi mkubwa.

Sasa kile kidokezo cha chooni. Aliyeitazama filamu anajua kwamba ni kipande cha karatasi chenye hesabu ya fedha. Mwanamke anayeuawa ni karani wa ofisi ya kuuza nyumba, anayeshindwa kuolewa na mpenzi wake kwa sababu ya madeni, na anayeiba dola 40,000 za tajiri mmoja aliyekuja ofisini kujigamba kwa fedha zake. Kisa kizima kinaanzia kwenye mshahara usiotosha. Kionjo kimefungua kifuniko juu ya jambo hilo na kukifunga tena upesi. Kilichobaki kwa mtazamaji ni jumba, pazia na ukelele.

Huenda mtu akasema kwamba huko ni kutafuta uchumi hata chooni. Basi na tuendelee mbele.

Mwaka 1975 kampuni ya Universal ilitoa Jaws ya Steven Spielberg. Kabla ya Juni 20, siku ya kufunguliwa kwake, kampuni ilitumia takriban dola 700,000 kwa matangazo ya televisheni katika muda wa siku chache, ikaifungua filamu kwa pamoja katika kumbi zaidi ya 400, jambo ambalo kwa filamu kubwa halikuwa la kawaida wakati huo. Katika kionjo chake, sauti nzito ya msimulizi inatuambia habari za kiumbe kilichodumu kwa mamilioni ya miaka, kisicho na akili wala huruma, kinachoishi kwa kuua tu. Adui ametajwa: ni maumbile. Lakini katika filamu watu wanaliwa kwa sababu meya wa mji wa Amity anakataa kufunga ufuko. Sikukuu ya Julai 4 imekaribia, wageni wanakuja na fedha zao, na wafanyabiashara wa mji hawataki kusikia habari ya papa. Mkuu wa polisi anajua hatari ilipo naye anashinikizwa anyamaze. Papa hana hatia zaidi ya papa mwingine yeyote. Aliyewaweka watoto majini ni biashara. Mtu aliyekiona kionjo peke yake atasema hii ni filamu ya samaki.

Mfano wa Alien ya Ridley Scott, mwaka 1979, ni mzito zaidi. Kionjo chake hakina neno hata moja linalosemwa na mwigizaji. Kuna yai linalopasuka na kutoa mwanga, kuna watu wanaokimbia katika mapito ya chuma, kuna mlio unaopanda kama kilio cha mnyama asiyejulikana. Kwa maoni yangu ndicho kionjo bora kuliko vyote vilivyopata kutengenezwa, na ubora wake ni kwamba hakiahidi uwongo wowote: kinasema kuna hofu, basi. Lakini nani angedhani kwamba nyuma ya ukimya huo kuna filamu ya wafanyakazi? Chombo kile cha angani ni meli ya mizigo. Mafundi wawili wa injini, Parker na Brett, wanaanza kulalamika juu ya malipo yao mara tu baada ya kuamka. Parker anachezwa na Yaphet Kotto, Mmarekani mweusi, naye ndiye anayeuliza kwa nini mgao wao ni mdogo kuliko wa wengine. Wanapoamriwa kwenda kuchunguza ishara iliyonaswa, Parker anasema hii ni meli ya biashara, haikuwekwa kwa kazi hiyo. Anajibiwa kwamba mkataba unasema atakayekataa atakosa mgao wake wote. Na baadaye inabainika kwamba mwajiri wao, anayeitwa Kampuni tu, alikwisha kutoa amri kiumbe kile kiletwe nyumbani hata kama wafanyakazi wote watapotea. Dude lenye meno halikuingia melini kwa bahati mbaya. Lilifungiwa mkataba.

Ni kweli kwamba kionjo hakikuweza kusema hayo bila kuiharibu siri ya filamu. Hilo nalikubali. Lakini tazama jinsi sheria ya siri inavyofanya kazi: katika Psycho, katika Jaws, katika Alien, kila mara kinachowekwa mbele ni jino na kisu, na kila mara kinachobaki nyuma ya pazia ni mshahara, mapato au mkataba. Mfanyabiashara hahitaji kuwa na njama yoyote. Yeye anatafuta tu kile kitakachowasisimua watu wengi kwa muda mfupi, na uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa hausisimui kwa dakika mbili. Hivyo soko lenyewe, bila amri ya mtu, linaisafisha filamu kabla ya kuitangaza.

Baadaye biashara ikapiga hatua nyingine. Filamu ya The Blair Witch Project, mwaka 1999, iliyopigwa kwa makumi ya maelfu tu ya dola, ilitangazwa kana kwamba vijana watatu waliomo walipotea kweli msituni, hata mabango ya kutafuta waliopotea yakachapishwa. Paranormal Activity, iliyotengenezwa na Oren Peli kwa takriban dola 15,000, ilitangazwa mwaka 2009 kwa kionjo kinachoonyesha watazamaji wenyewe wakiwa gizani ukumbini, wamepigwa picha kwa kamera ya usiku, wakiruka vitini na kushikana mikono. Tuone maana yake. Filamu haipo tena. Kinachouzwa ni mwili wa mtazamaji unaotetemeka, nao hawalipwi kwa uigizaji huo. Mwaka 2024 waliotangaza Longlegs waliuficha uso wa mwigizaji wao mashuhuri kuliko wote, Nicolas Cage, mpaka filamu ilipofunguliwa, na uso usioonekana ukawa ndio mzigo wa kuuzia. (Mwongozaji wake, Osgood Perkins, ni mtoto wa Anthony Perkins, yule yule muuaji wa Psycho. Biashara hii nayo ina ukoo.)

Tusije tukafikiri kwamba hakuna kionjo kinachosema kweli. Kile cha Get Out ya Jordan Peele, filamu ya mwaka 2017, kiliweka jambo mezani tangu sekunde za mwanzo: kijana mweusi anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mweupe, na wazazi hao ni watu wa tabasamu na maneno mazuri. Kijana huyo anachezwa na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda. Hakuna jini wala kaburi. Hofu inatoka katika ukarimu wenyewe. Ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 250. Wapo wanaokilaumu kionjo chake kwamba kilitoboa siri nyingi mno, nao wana haki. Lakini fedha hizo zinaonyesha kwamba wanaosema watu hawawezi kuvutwa kwa ukweli wa uhusiano wa kijamii wanajitetea tu.

Na Sinners ya Ryan Coogler, mwaka 2025, inatugusa kwa njia nyingine. Kionjo chake cha kwanza kiliwaficha wanyonya damu. Cha pili kiliwafichua, na vijana wengi wakaipokea filamu kama picha ya wanyonya damu na bunduki. Katika lugha yetu jambo hili halihitaji mkalimani. Neno mnyonyaji tumelitumia kwa miaka mingi kumtaja anayeishi kwa jasho la mwingine, na Marx katika Das Kapital, mwaka 1867, alikwisha kuufananisha mtaji na mnyonya damu. Hata kabla ya siasa hizo kufika vijijini, wazee wetu wakati wa ukoloni walikuwa na habari za mumiani na wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu; mwanahistoria Luise White ameziandikia kitabu kizima. Lakini kilicho kizuri katika Sinners hakimo katika meno. Kimo katika tukio fupi ambamo ndugu wawili waliofungua ukumbi wa muziki huko Mississippi, mwaka 1932, wanagundua kwamba wateja wao, vibarua wa mashamba ya pamba, wanalipa kwa fedha za shambani, fedha ambazo haziwezi kutumika nje ya duka la mwenye shamba. Damu ilikwisha kunyonywa kabla jua halijatua. Coogler mwenyewe, kwa kuelewa mambo ya umiliki, alifunga mkataba unaomrudishia haki za filamu hiyo baada ya miaka 25. Kionjo hakikuweza kutuambia lolote kati ya haya.

Tufanye nini basi sisi wenye kazi ya kuchagua? Kukataa kutazama vionjo ni upuuzi. Vimo katika kila simu. Kinachotakiwa ni kukisoma kionjo kama tunavyoisoma hotuba ya mwajiri. Katika filamu ya fumbo, tazama nani amepangwa mstari wa mbele kama mtuhumiwa na nani amesimama pembeni akiwa amebeba sinia. Kionjo cha Knives Out ya mwaka 2019 kilitujazia jamaa wa tajiri wanaogombea urithi, huku muuguzi wa mzee, binti wa mhamiaji asiye na vibali, akionekana kama mtu wa ziada. Na yeye ndiye staringi. Katika filamu ya kutisha, uliza watu hawa wamefikaje mahali hapo pa hatari: nani aliwatuma, nani anawalipa, kwa nini hawawezi kuondoka. Mlio wa besi, ukimya wa ghafla na tisho la mwisho linalokuja baada ya jina la filamu visikupotezee muda, maana vimo katika vionjo vyote, vya filamu nzuri na mbaya. Na kabla ya kupitisha au kukataza, watu wawili wa kamati waitazame filamu nzima.

Hapa kuna suala moja ambalo naona halijafikiriwa vya kutosha, nalo ni hili la siri. Tumelikubali kana kwamba ni sheria ya hofu yenyewe, kumbe ni sheria ya biashara. Bibi anapowasimulia wajukuu habari za zimwi, wajukuu wanajua mwisho wake. Wameusikia mara kumi, na wakati zimwi linapobisha hodi bado wanajificha ndani ya kanga yake. Katika vibanda vya video vya mitaani, mtafsiri anayezungumza juu ya picha kwa Kiswahili mara nyingi huwatangulia waigizaji, akasema "huyu sasa hivi anakufa," na watu wakazidi kusogea mbele. Filamu za majini na mashetani za Mussa Banzi, kama Nsyuka na Shumileta za miaka ya 2000, zilitazamwa na kutazamwa tena na watu waliokwisha kusimuliwa kisa chote na majirani. Hofu ya aina hii haiishi kwa kuonjwa. Inasikitisha kwamba baadhi ya watengenezaji wetu wa sasa wameiacha hazina hiyo na kuiga vionjo vya Hollywood pigo kwa pigo.

Kwa hiyo kiongozi wa klabu hana sababu ya kuogopa kuieleza filamu kabla ya kuionyesha. Anaweza kuwaambia wanafunzi waziwazi kwamba katika Alien Kampuni imewauza wafanyakazi wake, kisha akawasha mtambo. Hatapoteza hata mtazamaji mmoja. Na kama muda wa mjadala ni mfupi, asimamishe picha mapema kabisa, pale mezani ambapo watu saba wanakunywa kahawa, hakuna dude bado, na Parker anaanza kuuliza habari ya mgao.